Sura ya Sita: Kilivyoshikana Ndivyo Kitokavyo

Jino hung'olewa, mwiba huchomolewa, plasta hubanduliwa, nguo zilizokauka huanuliwa. Sufuria huipuliwa jikoni, kofia huvuliwa kichwani, nazi huanguliwa mnazini, gari lililozama matopeni hukwamuliwa. Katika kila tukio kitu kimoja kinaachana na kingine, na kila tukio lina kitenzi chake. Ukisema umeng'oa plasta, msikilizaji ataona ngozi ikitoka damu. Ukisema umebandua jino, atajua lilikuwa la bandia.

Vitenzi hivi tunavitumia kutwa bila kuvifikiria, na shuleni tunavipitia haraka, katika somo la mnyambuliko, kama jedwali la kukariri: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba hii ni kauli ya kutendua, yaani kitendo cha pili kinafuta cha kwanza, kisha somo linasonga mbele. Katika sura hii nataka tusimame hapo. Nitaonyesha kwamba vitenzi hivi havikuundwa kwa ajili ya kufuta vitendo. Viliundwa kwa ajili ya kutenganisha, na kila kimoja kimehifadhi kumbukumbu ya namna vitu viwili vilivyokuwa vimeshikana kabla ya kuachana. Anayekijua kitenzi sahihi anakijua pia kiungo chenyewe.

Silabi ya mwisho na herufi iliyopotea

Tuanze na umbo. Alama ya vitenzi hivi ni -ua au -oa mwishoni. Kinachoamua ni irabu ya mzizi. Mzizi wenye irabu o huchukua -oa: choma, chomoa, shona, shonoa. Mizizi yenye irabu nyingine huchukua -ua: bandika, bandua; tega, tegua; ziba, zibua; funga, fungua. Hapa kuna jambo la kuangaliwa. Katika kauli ya kutendea, irabu e na o huenda pamoja: tegea, chomea. Katika -ua na -oa, irabu o imebaki peke yake, na e imeungana na a, i na u. Hakuna mzawa wa lugha aliyewahi kufundishwa kanuni hiyo utotoni, na hakuna anayesema "tegoa".

Kati ya u na a palikuwa na herufi ambayo Kiswahili kimeidondosha. Zamani umbo lilikuwa fungula. Sauti l ilipotea katikati ya irabu mbili, lakini haikufa: tukitendewa, inarudi. Mlango umefunguliwa. Jino limeng'olewa. Mwiba umechomolewa. Nifungulie. Kila tunapotumia kauli ya kutendwa au ya kutendea tunaiokota l hiyo bila kujua kwamba ni ya kale kuliko lugha yenyewe.

Ni ya kale kwa sababu ndugu zake wako kote katika nchi za Wabantu. Mnyarwanda akifunga mlango ni gufunga, akiufungua ni gufungura. Mkongo anayesema Kilingala hufungua kwa kofungola. Kwa Kikuyu hinga ni kufunga, hingura ni kufungua. Kwa Kiganda ggala hufunga na ggula hufungua. Kusini kabisa, Mzulu husema vala na vula, na Mshona wa Zimbabwe husema vhara na vhura. Maneno yametofautiana, sauti zimebadilika, l imekuwa r kwa wengine, lakini mkono ni mmoja. Lugha hizi zilirithi kiambishi hiki kutoka kwa mama yao kabla hazijaachana.

Je, kweli ni kutendua?

E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1944 na kutumiwa na vizazi vya wanafunzi, aliviita vitenzi hivi vya kugeuza kinyume. Jina la kutendua tunalolitumia shuleni lina wazo hilohilo. Na jozi nyingi zinalikubali. Ziba tundu, zibua tundu. Panga vitabu, pangua vitabu. Ficha siri, fichua siri. Aliyetazama jozi hizi peke yake hana sababu ya kutilia shaka.

Sasa tazama choma. Kiswahili kina choma ya kisu na choma ya moto. Ukimchoma mtu kisu, kisu kinaweza kuchomolewa. Ukichoma nyama, hakuna kuichomoa. Kama -oa ingekuwa na kazi ya kufuta kitendo, kwa nini ifute choma moja na kuikataa nyingine? Na hata katika hiyo choma ya kisu, kilichofutika ni nini? Kisu kimetoka, jeraha lipo. Kuchomoa hakumponyi mtu. Kunatenganisha chuma na nyama, basi. Mahali palipokuwa na kitu ndani ya kitu, chomoa inafanya kazi: mwiba mguuni, waya kwenye soketi, upanga alani, fedha mfukoni mwa abiria. Pasipo na kitu ndani ya kitu, haina la kufanya.

Tazama pia kama na kamua, songa na songoa. Mfugaji hukama ng'ombe. Mpishi hukamua limau au nazi. Kamua si kinyume cha kama, wala songoa si kinyume cha songa. Vitenzi vinakaribiana maana, na cha pili kina nguvu zaidi. Wanasarufi walipofika hapa walilazimika kusema kwamba kiambishi hiki wakati mwingine hugeuza maana na wakati mwingine huizidisha. Hilo ni jambo gumu kulikubali. Silabi moja itakuwaje na kazi mbili zinazopingana? Lakini ukiacha wazo la kugeuza na kushika wazo la kutenganisha, ugumu unaisha. Anayekamua limau anatenganisha maji na ganda. Anayesongoa nguo anatenganisha maji na kitambaa. Mtaalamu wa lugha za Kibantu Thilo Schadeberg, katika sura aliyoiandika kwenye kitabu kikubwa kuhusu lugha hizo kilichotolewa mwaka 2003, alikiita kiambishi hiki cha utengano. Nadhani jina lake ndilo linalolingana na matumizi yetu.

Kuna ushahidi mwingine, na huu uko kwenye kila kamba ya kuanikia nguo. Anika na anua. Bandika na bandua. Funika na funua. Twika mzigo, tua mzigo. Angika taa, angua taa. Ezeka nyumba, ezua nyumba. Katika jozi hizi kipi ni kitenzi cha asili na kipi kimenyambuliwa? Hakuna kitenzi "ana", wala "funa" chenye maana ya kufunika. Anika haikutangulia ili anua ije kuifuta. Yote mawili yanatoka kwenye mzizi mmoja ambao peke yake hausemwi: -ika inaweka kitu mahali pake, -ua inakitenga na mahali hapo. Ni ndugu wa tumbo moja.

Na kuna vitenzi ambavyo havina ndugu kabisa. Ng'oa haina mwenzake. Nyofoa, kwanyua, pasua, rarua, kwangua, opoa: kwa hivi huwezi kuondoa mwisho ukabaki na kitenzi cha kuunganisha. Sababu iko wazi ukivitazama vitu vyenyewe. Jino halikupachikwa na mtu. Tawi halikugundishwa mtini na fundi. Maumbile ndiyo yaliyounganisha, kwa hiyo hakuna kitendo cha binadamu cha kutenduliwa, ila kipo kiungo cha kuachanishwa. Wazo la kutendua haliwezi kuvieleza vitenzi hivi hata kimoja, na la utengano linavieleza vyote kwa wepesi.

Nazi moja, kuanzia juu mpaka chunguni

Ili nguvu ya vitenzi hivi ionekane vizuri, tuifuate nazi moja katika kijiji chochote cha pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Mkwezi anapanda na kuangua. Angua maana yake ni kukitoa kitu kilichoning'inia juu kikaja chini, na ndiyo maana haitumiki kwa muhogo, ambao hung'olewa kwa kuwa mizizi yake imeshika ardhi. Nazi ikifika chini ina makumbi. Mfuaji anaikita kwenye kifuo, ncha inaingia kati ya kumbi na kifuu, na kwa nguvu za mikono anaibambua vipande vipande. Hapo tunasema nazi imefuliwa. Kisha inavunjwa, maji yanamwagika au kunywewa, na nyama nyeupe inakunwa kwa mbuzi. Nazi iliyokunwa na kudondoka kwenye sinia hutiwa maji ya vuguvugu, hukamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Tui upande huu, chicha upande ule. Chungu kikishachemka na mchuzi ukashika, mpishi anakiipua, halafu anapakua.

Hesabu viungo vilivyoachana: kikonyo na nazi, kumbi na kifuu, kifuu na nyama, tui na chicha, chungu na moto, chakula na chungu. Kila kimoja kimepewa kitenzi kinachofanana na mshiko wake. Si vyote vyenye -ua. Kuna, vunja na chuja vinafanya kazi bila kiambishi hicho, kama vile menya kwa ndizi, chuna kwa ngozi na para kwa samaki. Kiswahili hakikuutegemea mwisho mmoja tu. Lakini palipo na kiungo kinachoachiwa, mara nyingi utaikuta -ua au -oa ikisubiri.

Bara wana mahindi, na mahindi yana mlolongo wake. Hindi huvunjwa kwenye bua, likamenywa maganda yake ya nje. Likikauka, punje hupukuchuliwa kutoka kwenye gunzi, ama kwa kidole gumba ama kwa kupigwa ndani ya gunia. Anayetaka sembe hupeleka mashineni yakakobolewe, yaani punje itengwe na ngozi yake na kiini chake, na pumba wapewe kuku au ng'ombe. Anayetaka dona hapitii kwenye kukoboa. Anasaga punje nzima. Pukuchua na koboa ni hatua mbili tofauti zenye mashine tofauti na bei tofauti. Mkulima asiyetofautisha vitenzi hivi hawezi kuelewana na mwenye mashine.

Kitenzi kimoja cha Kiingereza

Mfasiri hukutana na tatizo hili kutoka upande wa pili. Kiingereza kina kitenzi detach, kilichotoka Kifaransa katika karne ya 17, na mojawapo ya matumizi yake ya mapema ni ya kijeshi: kukitoa kikosi katika jeshi kubwa na kukituma kwenye kazi maalumu. Tangu hapo kimeenea. Kinatumika kwa kipande cha chini cha fomu chenye mstari wa vitobo, kwa kibodi inayotoka kwenye tableti, kwa retina iliyoachia ndani ya jicho, kwa nyumba isiyogusana na za jirani, na kwa mtu asiyeonyesha hisia. Kitenzi hicho kinasema tu kwamba viwili vimeachana. Vilikuwa vimeshikanaje, hakisemi.

Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuridhika na hapo. Lazima aulize. Kile kipande cha fomu kinashikwa na karatasi, basi kichanwe au kikatwe. Ile kibodi imeingia kwenye tundu, au imegandana na tableti kwa sumaku? Ikiwa imeingia, ichomolewe. Ikiwa imegandana, ibanduliwe. Retina ni utando uliolala nyuma ya jicho, na ukiachia, mgonjwa huona vimulimuli, vidoa vinavyoelea, au kivuli kinachoshuka kama pazia. Hali hiyo inahitaji hospitali siku hiyohiyo. Utando uliolalia kitu ukiachia, umebanduka. Kwa hiyo tunasema retina imebanduka, na mgonjwa anaelewa zaidi kuliko akiambiwa imeondoka. Kikosi hutengwa. Nyumba ile imesimama peke yake. Mtu yule amejitenga, au hakunjuki, kutegemea kama ni uamuzi wake au ndiyo tabia yake.

Nimeona miongozo ya vifaa, iliyofasiriwa kwa haraka, ikiandika "ondoa" katika hatua zote. Ondoa kifuniko. Ondoa skrubu. Ondoa waya. Ondoa betri. Mtumiaji anabaki akikisia: nivute, nizungushe, nikwangue, ninyanyue? Kama mwongozo ungesema funua, fungua, chomoa na bandua, kila neno lingekuwa limeshamwelekeza mkono unavyopaswa kwenda. Haya si mapambo ya lugha. Betri iliyogundishwa ikichomolewa kwa nguvu inaweza kutoboka na kushika moto.

Kufikiri ni kutenganisha

Vitenzi hivi vilitoka jikoni, shambani na baharini, kisha vikapanda hadi kichwani. Sehemu kubwa ya msamiati wetu wa kufikiri imejengwa juu yake.

Kuamua kwanza ni kuwatenganisha wanaogombana. Mwamuzi wa mpira na mwamuzi wa mahakamani wote wamesimama katikati ya wawili wanaovutana. Tunaposema mtu amefanya uamuzi, tunasema ameyatenga mawazo yaliyokuwa yakipigana ndani yake. Tatizo na utata vina asili katika tata, hali ya uzi uliojisokota. Kutatua ni kuufungua uzi huo bila kuukata, na ndiyo maana utatuzi mzuri huhitaji subira ya vidole. Kuchambua ni kuitoa mbegu kwenye pamba. Viwanda vya kuchambua pamba vya Mwanza na Shinyanga na wachambuzi wa riwaya wa vyuo vikuu wanashiriki kitenzi kimoja, na kazi ni moja: kupata kilicho ndani bila kuziharibu nyuzi. Kupembua ni kurusharusha nafaka kwenye ungo mpaka chenga zijitenge, na leo hakuna mradi mkubwa unaojengwa pasipo upembuzi yakinifu.

Kuvumbua nako kuna historia nzuri. Anayevumbika ndizi huzifukia zipate kuiva. Anayevumbua hufukua kilichofunikwa. Kwa mtazamo huo mvumbuzi hakiumbi kitu kutoka hewani. Anakitoa vumbi kitu kilichokuwepo. Funua imetupa ufunuo, jina la kitabu cha mwisho cha Biblia. Tegua imetupa utaratibu mzima wa vitendawili: mmoja anatega, mwenzake anategua, na neno ni lilelile la mtego wa ndege na la mabomu yanayoteguliwa na wanajeshi. Hata kifundo cha mguu kikiacha mahali pake tunasema kimeteguka.

Lakini lugha haisemi kwamba kila kutenganisha ni kwema. Chagua, teua na bagua vyote vinamtoa mmoja katika wengi. Anayechagua na anayeteua wanamtoa mtu ili wampe nafasi. Anayebagua anamtoa ili amnyime. Umbo la vitenzi ni moja, mikono inafanya kazi ileile, na tofauti yote iko katika nia ya mtenganishaji. Anayefundisha uraia angeweza kuanza somo lake hapo.

Nani alifungua?

Vitenzi vingi vya -ua vina kivuli chao cha -uka, na vingi vya -oa vina -oka: funguka, banduka, chomoka, ng'oka, bomoka. Hapa mtendaji ametoweka. Mlango umefunguka: labda upepo, labda bawaba, labda hatujui. Mlango umefunguliwa: yupo mtu. Mwandishi wa habari anayeripoti wakati wa uchaguzi kwamba mabango ya mgombea "yamebanduka" hasemi jambo lile la anayeripoti "yamebanduliwa". Wa kwanza analaumu gundi au mvua. Wa pili anasema kuna mkono. Mlinzi anayeandika kwenye daftari lake kwamba kufuli "limefunguka" amechagua neno linalomlinda yeye mwenyewe. Tofauti ya silabi moja inaweza kumtia mtu hatiani au kumtoa, na wanaoandika taarifa za polisi, za bima na za magazeti wangepaswa kuipima kila mara.

Kundi hili pia limehamia kwa watu. Mtoto habanduki kwa mama yake. Mwizi alichomoka katikati ya umati. Mkutano ulifumuka watu walipoona moshi. Magazeti ya burudani ya Tanzania hayapitishi wiki bila msanii fulani "kufunguka", yaani kusema yaliyokuwa yamefungwa moyoni. Anayekunja uso anaweza kuukunjua, na mwenye kuukunjua kwa kila mgeni tunamwita mkunjufu, sifa ambayo wazee wa pwani wameitaja kwa heshima tangu zamani.

Mahali ambapo -ua haifiki

Kuna vitenzi vinavyoikataa kabisa silabi hii, na ukivikusanya utaona vinafanana. Pika haina "pikua". Zaa haina "zaua". Mwaga haina "mwagua", na methali inatukumbusha kwa nini: maji yakimwagika hayazoleki. Sema haina "semua". Hakuna kiungo kilichobaki cha kuachanishwa. Wali haurudi kuwa mchele, mtoto harudi tumboni, neno halirudi kinywani.

Angalia pia funga yenyewe, ambayo ina kinyume kinachojulikana na kila mtoto. Mzigo hufungwa na kufunguliwa. Duka, kitabu, kesi na saumu hufungwa na kufunguliwa. Lakini ndoa hufungwa, na ikifika mwisho huvunjwa. Hakuna anayesema amefungua ndoa yake. Fundo likifunguliwa, kamba hubaki nzima kama ilivyokuwa, na Waswahili hawakuona kwamba watu wawili waliooana na kuachana wanabaki kama walivyokuwa. Goli hufungwa na halifunguliwi, labda likataliwe. Safari hufungwa, kisha mtu akarudi, au akaahirisha. Lugha imeweka mpaka kati ya yanayoweza kuachiwa na yasiyoweza, na mpaka huo umewekwa kwa uangalifu kuliko tunavyodhani.

Nywele zinaonyesha uangalifu huohuo kutoka upande mwingine. Nywele husukwa, nguo hushonwa, sweta hufumwa. Zikitakiwa kuachiwa, zote tatu huweza kufumuliwa. Vitendo vya kuunganisha vilikuwa vitatu na kitenzi kimoja cha kuachanisha kinavitosha vyote, kwa sababu mshiko ni mmoja: nyuzi zilizopishana. Msusi anayesema "leo nakufumua, kesho nakusuka" anatoa ushahidi bora kuliko jedwali lolote kwamba -ua haitazami nani alifanya nini jana. Inatazama vitu vinavyoshikana sasa.

Silabi inayofanya kazi leo

Mtu anaweza kudhani haya ni mabaki ya zamani. Sivyo. Mwishoni mwa mwaka 2015 John Magufuli alipoingia madarakani, Tanzania nzima ilizungumza juu ya kutumbua majipu, yaani kuwaondoa watumishi wabovu serikalini, na kila mtu alielewa: usaha utengwe na mwili. Taarifa za Ikulu huandika kwamba Rais ametengua uteuzi wa fulani. Ni kitenzi kilekile ambacho walimu wa madrasa hutumia wanapoeleza mambo yanayotengua udhu. Teua ilimtoa mtu katika wengi, tengua inamtoa katika kiti.

Kwenye simu, silabi hii imepata makao mapya. Pakia na pakua, maneno ya lori na ya sahani, sasa ni ya mafaili. Sanidi, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, kimepewa mwisho wa Kibantu kikawa sanidua, na simu zinakitumia kwa kuondoa programu. Hakuna aliyehitaji kufundishwa maana yake. Anayejua fungua anajua sanidua. Na kuna tendua, amri ya kurudisha ulichokosea au barua pepe uliyoituma kwa haraka. Hapa ndipo lile jina la shuleni linapopata haki yake. Kompyuta huhifadhi hali ya awali, kwa hiyo inaweza kweli kukifuta kitendo kana kwamba hakikufanyika. Maisha nje ya kioo hayana hifadhi hiyo, na vitenzi vya mababu havikudai kuwa nayo.

Linalonisumbua ni kuona watoto wengi wa mijini wakibakiwa na viwili tu, toa na ondoa. Toa nguo kwenye kamba. Toa sufuria jikoni. Toa stika. Toa mwiba. Wanaeleweka, na hilo si kosa la jinai. Lakini aliyebakiwa na toa peke yake amepoteza zaidi ya maneno. Amepoteza desturi ya kukitazama kitu kabla ya kukigusa: kimeingia, kimening'inia, kimegandana, kimesokotwa, kimeota? Desturi hiyo ni ya fundi, ya mganga, ya mkulima, ya mpishi na ya hakimu.

Dawa yake ni rahisi, na haihitaji bajeti ya wizara. Mwalimu wa darasa la nne aache jedwali kwa kipindi kimoja, alete darasani bahasha yenye stempu, chupa yenye kizibo, mkeka uliokunjwa, hindi kavu, soketi na waya wake, kitambaa kilichoshonwa. Kila mtoto atenganishe kimoja na aseme alichokifanya. Wakimaliza watakuwa wamebandua, wamezibua, wamekunjua, wamepukuchua, wamechomoa na wamefumua. Halafu mwalimu aulize swali moja: kwa nini hatukutumia neno moja kwa vyote? Watoto watajibu wenyewe, kwa sababu mikono yao itakuwa imeshajua.